Waacheni wenyeji na baa zao, shoo ya watalii haina kosa

Tangu ile klipu ya Barcelona ya Julai 2024 isambae, waandamanaji na bastola zao za maji za plastiki wanawalowesha watu waliokaa nje ya migahawa wanakula zao, kila familia inayopanga likizo ya nje kwenda kuonja vyakula vya watu na kusikiliza muziki wao inapewa ushauri uleule: msiende sehemu za watalii, nendeni wanakokula wenyeji. Juni 15, 2025 maandamano yakarudi, safari hii siku moja Barcelona, Palma, Lisbon, Venice na miji mingine ya kusini mwa Ulaya, na ushauri nao ukapamba moto. Watu wameisoma klipu hivi: wenyeji wamechoshwa na paella ya picha, ule wali wa Kihispania, na shoo ya tiketi ya flamenco, muziki na dansi ya kule, kwa hiyo mgeni mstaarabu ni yule anayejipenyeza kimyakimya mpaka kabaa ka uchochoroni ambako hakuna mtalii mwingine. Mimi naona wameisoma kichwa chini miguu juu. Ukiwa na familia, shoo iliyoandaliwa kwa ajili ya wageni, yenye tiketi na saa ya kuanza, ndo inayomsumbua mwenyeji kidogo kuliko zote na mara nyingi ndo yenye wanamuziki wa uhakika, na hii tabia ya kuwinda "pale wasikofika watalii" ndo inayolisogeza tatizo mpaka mlangoni kwa watu.

Tuanze na kilichokuwa kinadaiwa barabarani, maana wengi waliangalia ile klipu bila sauti. Kelele kubwa ilikuwa ya nyumba. Mwezi mmoja kabla ya zile bastola, Juni 2024, meya wa Barcelona Jaume Collboni alikuwa ametangaza kwamba leseni za fleti za kupangisha watalii pale jijini, zote 10,101, hazitahuishwa na zitakuwa zimekwisha ifikapo Novemba 2028, na sababu aliyoitoa ni kwamba kodi ya nyumba imepanda kwa asilimia 68 ndani ya miaka kumi. Migahawa hakuigusa, kumbi za muziki hakuzigusa. Hispania nzima mwaka huo wa 2024 ilipokea wageni karibu milioni 94 wakati wakazi wake ni kama milioni 49, na wageni wote hao lazima walale mahali, na hoteli zinapoishia ndo inapoanza ghorofa ya tatu ya mtu fulani ambaye mkataba wake wa kupanga haukuongezwa. Sasa mwenye fleti huwezi kumrushia maji kwa sababu hakai barazani saa moja jioni na sahani ya pweza, yuko kwake huko, au pengine siyo mtu kabisa ni kampuni. Akalowa mla pweza. Ndo siasa ya barabarani ilivyo, anapigwa anayeonekana, na sisi tuliokuwa tunaangalia kwa mbali tukadhani kosa lake ni kula.

Fuata basi huo ushauri wa "ishi kama mwenyeji" uone unakokupeleka. Familia inaambiwa hoteli za katikati ni za watalii, tafuteni fleti mtaa wa kawaida, asubuhi mshuke mnunue mkate pale chini, jioni muingie kwenye baa yenye meza sita. Ile baa wazee wa mtaa wamezoea kuja Jumapili kabla ya chakula cha mchana kunywa vermouth, mvinyo wa viungo, mtu anasimama kaunta saa nzima na glasi yake moja na kisahani cha zeituni, na mwenye baa anamjua kwa jina na anajua mguu upi unamsumbua. Ikipostiwa mara moja hakuna neno. Ikipostiwa mara elfu, meza sita zinabukiwa wiki mbili kabla, na mwenye baa ana watoto wa kusomesha kama mtu mwingine yeyote, anaing'oa ile kaunta anaweka viti virefu, anachapisha menyu ya lugha nne, na mzee wa glasi moja anakuta hana hata pa kuegemeza kiwiko. Simlaumu mwenye baa hata kidogo. Ila tusidanganyane kwamba wale waliomiminika pale "kwa heshima" hawakuwa watalii. Lisbon hili wameliona kwa macho Alfama na Mouraria, mitaa ya zamani iliyoilea fado, uimbaji wa huzuni wa Kireno, mpaka mwaka 2018 manispaa ikasimamisha kutoa leseni mpya za nyumba za wageni kwenye mitaa hiyo, na Bairro Alto nayo ikiwemo. Mtu anasafiri kwenda kusikiliza nyimbo za walalahoi wa mtaa halafu analala kwenye chumba ambacho walalahoi wa mtaa hawawezi tena kukilipia.

Hoja kubwa ya upande wa pili, na siyo hoja ya kijinga, ni kwamba muziki ukishauzwa kwa wageni unapoteza roho, kwamba wa kweli ni ule unaopigwa bila tiketi, usiku wa manane, ndugu na majirani wamekaa duara. Naielewa kabisa, nani asiyependa kuwa shahidi wa kitu ambacho hakikuandaliwa kwa ajili yake. Shida ni kwamba historia haiko upande wao. Flamenco ilipata sehemu kubwa ya umbo lake tunalolijua leo ndani ya vilabu vya biashara, cafés cantantes, nusu ya pili ya karne ya 19, watu wanalipa wanakunywa na msanii anaondoka na ujira wake, na Silverio Franconetti, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa enzi zile, alikuwa na klabu yake mwenyewe Sevilla. Kufikia 1922 mtunzi wa muziki Manuel de Falla, mshairi Federico García Lorca na wenzao walishaanza kulalamika kwamba biashara imeharibu uimbaji, yaani malalamiko haya haya ya leo, wakaandaa shindano Granada, Concurso de Cante Jondo, kwa sharti kwamba waimbaji wa kulipwa wasishindane. Walitaka sauti ambazo hazijaguswa na pesa. Wakang'ara wawili: mzee aliyeitwa El Tenazas, na mtoto wa miaka 12 kutoka Sevilla, Manolo Caracol. Huyo mtoto, ambaye ndo alitakiwa awe ushahidi wa sanaa isiyonunuliwa, akaja kuwa mmoja wa waimbaji wa kulipwa wenye jina kubwa zaidi Hispania, na mwaka 1963 akafungua ukumbi wake mwenyewe Madrid, Los Canasteros. Ukumbi wa aina gani? Tablao, ile ile ya jukwaa la mbao na chakula cha usiku ambayo leo unaambiwa uikimbie. Sisemi Lorca na Falla hawakuwa na masikio, masikio walikuwa nayo sana, ila walichukulia umaskini wa msanii kuwa sehemu ya ubora wake, na msanii mwenyewe hakukubaliana nao.

Na hiyo "asili" ukiibonyeza kidogo tu inabonyea. Lile sanduku la mbao ambalo mpigaji analikalia na kulipiga kwa viganja, cajón, siku hizi hukosi kuliona kwenye flamenco na mgeni akiliona anatikisa kichwa kwamba hapa sasa nimefika kwa wenyewe. Limeingia juzi tu. Paco de Lucía, mpiga gitaa maarufu wa flamenco, alikuwa ziarani Peru mwaka 1977, akalisikia kwa Caitro Soto, bingwa wa muziki wa Waperu weusi, akaondoka nalo, na Mbrazili Rubem Dantas akawa ndo wa kulipiga kwenye bendi yake. Fado nayo usiifikirie kama ua la porini. Mwaka 1927 serikali ya kijeshi ya Ureno iliweka sheria kwamba anayeimba fado awe na kitambulisho cha kazi, mashairi yapite kwa mkaguzi, na iimbwe kwenye kumbi zenye leseni, na hizi casas de fado zenye chakula na mapambo zimekulia ndani ya utaratibu huo. Amália Rodrigues, mwimbaji wa fado ambaye Wareno wakimtaja wanashusha sauti, alianza kazi ya kulipwa mwaka 1939 kwenye ukumbi wa namna hiyo hiyo, Retiro da Severa. Kama kumbi za kulipia zingekuwa zinaua sanaa basi Amália ndo angekuwa maiti wa kwanza.

Kuna hoja nyingine dhaifu zaidi, na ndo inayorudiwa sana kwenye komenti: kwamba watalii wakiondoka muziki utarudi kuwa safi. Hii haihitaji hata mjadala kwa sababu ilishajaribiwa. Mwaka 2020 watalii waliondoka wote kwa mpigo kwa ajili ya korona, mipaka ikafungwa. Kilichofuata Madrid ni kwamba tablao ya Casa Patas, ambayo wapenzi wa flamenco wenyewe walikuwa wanaiheshimu, ikafunga moja kwa moja, na Café de Chinitas nayo ikafunga. Wapiga gitaa, wacheza, wapiga makofi, watu ambao usiku mmoja mmoja wa tablao ndo uliokuwa unalipa umeme, wakakaa bila kazi. Tamasha kubwa linamwita msanii mara chache kwa mwaka, tablao inamwita wiki nzima, na kijana anayejifunza anahitaji hiyo wiki nzima maana kipaji bila jukwaa la kila siku kinaota kutu. Nani anakaa kwenye viti vya tablao Jumanne ya mwezi wa pili? Mgeni. Mwenyeji Jumanne ana kazi kesho yake.

Lakini kwenye chakula wakosoaji wana haki, na hapa inabidi nitofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Mgahawa wa watalii na shoo ya watalii havifanani. Paella ya Valencia yenyewe ni mchele, kuku, sungura, maharage mapana ya garrofó na ya kijani, inapikwa kwa kuagizwa na unaisubiri, na kwa kawaida ni chakula cha mchana. Ukiletewa ndani ya dakika tano, saa nne usiku, kutoka kwenye bango lenye picha kumi za paella za rangi tofauti, umeuziwa kitu kilichotoka kwenye friza. Sangria hivyo hivyo, jagi kubwa lenye matunda yanayoelea mezani kwa wageni, wakati meza ya pembeni yenye watu wa pale wanakunywa tinto de verano, mvinyo mwekundu na soda ya limau na barafu basi, bei nusu. Kwa nini muziki usioze hivyo hivyo? Nafikiri ni kwa sababu mpiga gitaa ana jina. Amekaa jukwaani na wenzake wanne wanaomsikia kila kosa, na wiki ijayo anataka kazi ukumbi mwingine, hawezi kupiga ovyo hata kama ukumbi mzima hauelewi kitu. Anayepasha paella ya friza hana jina na mlaji wake hatarudi. Kwa hiyo swali la kujiuliza mlangoni siyo kama ndani kuna watalii, ni kama anayekuhudumia ana mtu anayemwogopa.

Tena hata kwenye chakula, "cha watalii" siyo tusi la moja kwa moja. Ile menú del día ambayo kila mwongozo wa safari unakwambia ndo chakula halisi cha mfanyakazi wa Kihispania, sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji, kitu kitamu au kahawa, kwa bei moja mchana wa siku za kazi, chanzo chake ni menyu ya watalii iliyoagizwa na wizara ya utalii ya Manuel Fraga miaka ya 1960 wakati wa udikteta wa Franco. Serikali iliwalazimisha wenye migahawa kuwapikia wageni chakula cha bei nafuu, mafundi na makarani wakaona hiki kinatufaa na sisi, wakakichukua. Familia inayokula menú del día saa nane mchana imekaa kwenye kitu cha kitalii kabisa na hakuna anayeirushia maji.

Sasa watoto, maana nimesema familia. Hii ndo sababu nyingine ya kuipenda shoo ya tiketi na sioni aibu kuisema. Hispania watu wanakula saa tatu, saa nne usiku, na muziki wa "kwa wenyewe" unaanza pale mtoto wa miaka saba ameshalala na viatu. Tablao zinaweka shoo ya mapema jioni, inayochukua muda wa saa moja hivi au zaidi kidogo, kwa sababu ya wageni. Casa de fado nayo ukiwa na watoto ni sehemu rahisi kuliko inavyoonekana, mradi uwaambie mapema. Nimewahi kukaa meza ya nyuma kabisa na watoto Lisbon: taa zinapunguzwa, mhudumu aliyekuwa njiani na supu ya caldo verde anasimama pale pale alipo na trei mkononi, uma zinawekwa chini, mwanamke anasimama bila maikrofoni, amefumba macho, gitaa la Kireno la nyuzi 12 linatangulia. Nyimbo tatu nne, taa zinarudi, trei inaendelea na safari, watoto wanaruhusiwa kubwabwaja, halafu taa tena. Mtoto anaelewa utaratibu huo haraka kuliko baba yake mwenye simu. Angalizo dogo la bili: ule mkate, jibini na zeituni vinavyotua mezani kabla hujaagiza vinaitwa couvert, ukivigusa unalipa, usipovigusa na hukuviagiza sheria ya Ureno inasema hudaiwi, kwa hiyo amueni kabla mkono wa mtoto haujaamua.

Flamenco ina mtego wake, makofi. Ukumbi ukichangamka wageni wanaanza kupiga makofi kama wako kwenye mpira, moja-mbili moja-mbili, wakati pale jukwaani mara nyingi wanahesabu mzunguko wa mapigo 12, msisitizo unadondoka sehemu usizozitegemea, na mcheza anayetegemea yale makofi ya wenzake anabaki kupigana na ukumbi mzima. Wafundisheni watoto kuachia "olé" pale moyo unaposhtuka na mikono ikae mapajani. Na vinywaji msiwasahau, horchata ya Valencia ya baridi, nyeupe, inayokamuliwa kutoka kwenye vinundu vya mzizi wa chufa na kuchovewa fartons, mikate laini mirefu, watoto wengine wanaikataa siku ya kwanza kwa sababu inafanana na maziwa na siyo maziwa, na siku ya pili wanaiulizia wenyewe.

Kuna mahali nakubali kushindwa na wapinzani wangu, kwenye peñas. Hizi ni klabu za wanachama wanaopenda flamenco, Andalucía, kusini mwa Hispania, zimejaa, na ile ya Granada, La Platería, ilianzishwa mwaka 1949 na inahesabiwa kuwa kongwe kuliko zote. Kule msikilizaji anajua, na msanii anaimba tofauti mbele ya anayejua, hilo halina ubishi. Baadhi zina usiku wa kufungua milango kwa wageni. Wakifungua nendeni, mkalipe, mkae nyuma. Lakini angalia tofauti: wao wenyewe ndo wamechagua siku na idadi ya viti. Baa ya uchochoroni haikuchagua, ilichaguliwa na simu ya mtu.

Hoja ngumu kuliko zote sijaigusa, na ingekuwa uongo kuikwepa. Muziki ni wa usiku. Anayekuja na meli ya kitalii anashuka asubuhi anapiga picha anarudi melini, hali, halali, hasikilizi. Anayekuja kwa ajili ya muziki analala mjini, na kitanda ndo kitu chenyewe wanachogombania. Kwa hiyo familia yangu ya mfano, inayolipa tiketi vizuri na kukaa kimya vizuri, bado inaweza kuwa imelala kwenye moja ya zile fleti 10,101, na kwa familia sababu siyo ulafi, ni kwamba hoteli imejengwa kwa ajili ya watu wawili na wa tatu wa kubanana kwenye kitanda cha kukunja. Baba, mama na watoto watatu wakiomba chumba wanaambiwa wachukue viwili, na mara nyingine viko ghorofa tofauti. Barcelona imebana upande huu pia, tangu 2017 ina mpango unaozuia hoteli mpya katikati ya jiji, halafu 2028 fleti zinaondoka. Ukizijumlisha hatua hizo mbili unapata jiji linalopokea wapenzi wawili wawili na makundi ya mikutano, familia ikasukumwa miji ya pembeni, irudi na treni kabla shoo haijaanza. Sidhani kama hicho ndo waandamanaji walichokuwa wanakitaka, na wenye tablao hakika hawakitaki. Manispaa ingeweza kufungamanisha leseni za hoteli zilizopo na idadi fulani ya vyumba vya watu wanne watano, kitu cha ukutani na mlangoni tu, bila kujenga ghorofa jipya hata moja. Mpaka hapo litakapofanyika, hesabu ya familia inabadilika: vyumba viwili vya hoteli vyenye mlango wa kati kwa usiku tatu badala ya fleti kwa wiki nzima, menú del día mchana, na kinachobaki kiende kwenye tiketi tano za shoo ya jioni.